Silika Haisikii Hoja

Mlio mkubwa ukipasuka ghafla nyuma ya mtu, kope zake hufumba ndani ya milisekunde 30 hadi 50. Mabega hupanda, shingo hujikunja, tumbo hukaza. Mwenyewe bado hajajua kwamba amesikia kitu. Kujua kunakuja baadaye, mwili ukiwa umeshamaliza kazi yake. Elimu haiondoi hatua hiyo ya kwanza, wala uchamungu, wala cheo. Askari mzoefu hushtuka na mwanazuoni hushtuka. Kinachowatenganisha watu ni yale wanayofanya katika sekunde na dakika zinazofuata, na huko ndiko uliko mvutano wa kweli kati ya silika ya mnyama na maumbile ya binadamu.

Kwa kawaida mvutano huu huzungumzwa kwa mawaidha. Mtu huambiwa ajizuie, ajitawale, aishinde nafsi yake. Nia ni njema, lakini maneno hayo yanaelekezwa pasipo na masikio. Silika haisikii hoja. Inachopokea ni ishara: sauti, sura, harufu, umbali, njaa, kasi ya pumzi, giza, uwepo wa watu wengine. Anayetaka kuielekeza sharti azishike ishara hizo, na azishike mapema. Karibu kila mbinu ya kujitawala inayofaa kitu imejengwa juu ya jambo hilo, na nyingi zinazoshindwa hushindwa kwa kulipuuza.

Ramani inayopotosha

Ipo picha ya ubongo ambayo bado inazunguka vitabuni na kwenye semina. Aliyeieneza ni daktari wa Marekani, Paul MacLean, kuanzia miaka ya 1960: ubongo wa tabaka tatu, chini ukiwa wa mtambaazi mwenye njaa na ukali, katikati wa mamalia mwenye hisia, juu wa binadamu mwenye akili. Inavutia kwa sababu inafanana na tunavyojihisi tukiwa na hasira. Lakini si sahihi. Mijusi, ndege na panya wana sehemu kuu zilezile za ubongo tulizo nazo sisi, ubongo wa mbele ukiwemo. Kilichobadilika katika historia ya uhai ni ukubwa, umbo na miunganisho ya sehemu zote kwa pamoja. Hakuna ghorofa jipya lililowekwa juu ya nyumba kuukuu.

Kosa hilo lina gharama. Anayeiamini picha ya tabaka tatu hudhani dawa ni kuipa akili nguvu hadi hisia zinyamaze. Mtaalamu wa neva Antonio Damasio aliwachunguza watu ambao waliumia sehemu ya chini ya gamba la mbele la ubongo, ile iliyo juu kidogo ya macho. Akili ya kupimwa kwa mitihani ilibaki. Kumbukumbu na lugha vilibaki. Kilichopotea ni mguso wa hisia wakati wa kupima mambo, na hawakugeuka kuwa watu wa hekima tulivu. Walizama katika kulinganisha hili na lile bila kufikia uamuzi, hata kwenye mambo madogo, na katika makubwa waliamua vibaya, wakaharibu kazi na nyumba zao. Hisia ndizo zinazoyapa machaguo uzito. Zikiondoka, hoja huzunguka bila kutua.

Kisa cha Phineas Gage hutajwa sana hapa. Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont, fimbo ya chuma yenye urefu wa takribani mita 1.1 na uzito wa kilo 6 ilimpenya shavuni ikatokea utosini. Alipona, tabia ikabadilika, na tangu hapo watu humtumia kuthibitisha kwamba mlinzi akiondoka mnyama hufunguka. Kinachosahaulika ni kwamba baadaye Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya abiria yanayokokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, kazi inayodai kuamka mapema, kuwahi na kuvumilia abiria. Maelezo ninayoyaona yana uzito zaidi ni kwamba ratiba isiyobadilika na kazi ileile kila siku vilimsaidia pale ubongo wake ulipopungukiwa. Jambo hili litajirudia hapa chini: utaratibu wa nje unaweza kubeba kile ambacho nia peke yake haikibebi.

Silika ni kitu gani hasa

Mfano ulio wazi kuliko yote ulichapishwa mwaka 1938 na watafiti wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz na Niko Tinbergen. Bata bukini wa kijivu akiliona yai limebiringika nje ya kiota hunyoosha shingo, huweka mdomo upande wa mbali wa yai, kisha hulivuta polepole kurudi kiotani. Mtafiti akilinyakua yai katikati ya safari, bata anaendelea kuvuta hewa tupu mpaka kiotani. Kitendo kikishaanza kinakwenda hadi mwisho wake.

Binadamu mzima ana vitendo vichache vya aina hiyo. Mtoto mchanga anavyo vingi zaidi. Ukimgusa shavu hugeuza kichwa kutafuta titi. Ukimwekea kidole kiganjani hukikamata. Akihisi kichwa kinaanguka, hutanua mikono ghafla kisha huirudisha kifuani. Mengi ya haya hufifia kati ya miezi 4 na 6, na wahudumu wa afya huyakagua kwa sababu ya muda huo: kukosekana kwake wakati wa kuzaliwa, au kuendelea kwake kupita umri, kunaweza kuashiria hitilafu katika mfumo wa fahamu.

Kinachobaki baada ya hapo ni mielekeo, yaani wepesi wa kujifunza baadhi ya mambo na uzito wa kujifunza mengine. Katika miaka ya 1980 Susan Mineka na Michael Cook walifanya kazi na tumbili aina ya rhesus waliozaliwa maabara. Hawakumwogopa nyoka. Walipoonyeshwa video ya tumbili mwenzao akimwogopa nyoka, wakaanza kuogopa upesi. Video ikahaririwa ili mwenzao aonekane akiogopa maua. Hawakujifunza kuogopa maua. Woga wa nyoka hawakuzaliwa nao, ila walizaliwa na wepesi wa kuupata. Kwa hiyo lile swali la kama tabia fulani ni ya kuzaliwa au ya kufunzwa huwa halina jibu, maana limetenganisha vitu ambavyo mwilini havijatengana.

Kuna kazi nyingine ambayo ningependa kila mzazi na kila mwalimu aijue. Keller na Marian Breland walikuwa wakufunzi wa wanyama waliosoma kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner, na waliingia kazini wakiamini kwamba zawadi ikitolewa ipasavyo mnyama atafanya lolote. Mwaka 1961 waliandika kuhusu mahali ambapo imani hiyo ilivunjika. Rakuni, mnyama mdogo wa Amerika, alifundishwa kuokota sarafu na kuitumbukiza kwenye kisanduku ili apate chakula. Sarafu moja, kwa taabu kidogo, aliiweza. Zilipokuwa mbili alianza kuzisugua pamoja, kuzichovya kwenye kisanduku na kuzitoa tena, jinsi rakuni wanavyoshughulikia mawindo ya majini. Mazoezi yalivyoendelea ndivyo kusugua kulivyozidi, hata kama kulimkosesha chakula. Nguruwe nao walianza vizuri kubeba sarafu kubwa za mbao, kisha baada ya wiki kadhaa wakawa wanazidondosha njiani na kuzifukua kwa pua.

Sababu ni hii: zawadi ya chakula iliamsha silika ya chakula, na silika ikayameza mafunzo. Hofu hufanya vivyo hivyo. Mwalimu anayefundisha hesabu kwa vitisho anaamsha mwitikio wa hofu, ambao una matawi machache tu: kukimbia, kuganda, kujificha, kusema lolote litakalomaliza tishio. Mtoto anayejibu haraka bila kufikiri, au anayenakili kwa jirani, anafanya kazi ambayo hofu imemtuma. Kuongeza kitisho kunaongeza hayohayo.

Nusu saa ya hasira

Sasa tuingie kwenye tukio ambalo karibu kila mtu analitaka lidhibitiwe. Mtu anatukanwa. Ishara inaingia ndani ya ubongo kwa njia mbili, kama Joseph LeDoux alivyoonyesha kwa panya: njia fupi inayotoka thalamasi, kituo cha ubongo kinachopokea ishara za hisi, moja kwa moja hadi amigdala, sehemu inayotambua hatari, ikiwa na picha isiyo na undani, na njia ndefu inayopitia gamba la ubongo ikiwa na picha kamili. Fupi hufika kwanza. Wahenga walikwishaliona hilo bila maabara waliposema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ukuti mkavu na nyoka huanza kutofautishwa mwili ukiwa tayari umeruka.

Kutoka hapo haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni na kazi za ndani ya mwili, huamsha neva, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde. Moyo huongeza kasi, mboni za macho hutanuka, usagaji wa chakula hupungua, ini hutoa sukari. Walter Cannon alieleza mpangilio huu mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Adrenalini yenyewe haikai. Nusu yake hutoweka kwenye damu ndani ya dakika chache. Nyuma yake inakuja kotisoli, homoni ya msongo, ambayo hupanda taratibu, hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu tukio lianze, na huchukua saa moja au zaidi kurudi chini. Wakati huohuo, kemikali zilezile zinazouamsha mwili zikizidi huifanya sehemu ya mbele ya ubongo ifanye kazi hafifu, na hiyo ndiyo sehemu inayoshikilia mipango na kuzuia ulimi.

Miitikio hiyo miwili, wa haraka na wa polepole, inaeleza makosa mengi. Mtu akihisi moyo umetulia baada ya dakika tano hudhani yamekwisha, anarudi kwenye mazungumzo, na neno dogo linamlipua upya. John Gottman, aliyechunguza migogoro ya wanandoa kwa miongo kadhaa akipima na mapigo ya moyo, alishauri kwamba mapigo yakipita 100 kwa dakika mazungumzo yasitishwe kwa dakika 20 au zaidi. Kipimo hicho kinafaa hata nje ya ndoa. Hesabu mapigo kwenye mkono kwa sekunde 15, zidisha kwa 4.

Kusitisha nako kuna namna yake. Kwanza ondoa ishara: toka chumbani, au kama haiwezekani, kaa chini na geuza kifua upande, maana kusimama ana kwa ana ni ishara ya shari kwa pande zote mbili. Sema utarudi saa ngapi, ili kuondoka kusisomeke kuwa ni dharau. Kisha shughulisha akili na jambo lisilohusiana na ugomvi. Hapa ndipo mapumziko mengi yanapoharibika: mtu anakwenda pembeni na kuanza kuyarudia maneno aliyoambiwa, akitunga majibu. Kwa mwili, tusi linalokumbukwa kwa undani ni tusi jipya, na saa inaanza upya.

Pumzi inasaidia, ikitumiwa sawasawa. Mzunguko wa karibu pumzi 6 kwa dakika, mathalani kuvuta kwa sekunde 4 na kutoa kwa sekunde 6, kwa dakika 5. Kutoa ndiko kuna kazi, kwa kuwa moyo hupunguza kasi wakati hewa inatoka, kupitia neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa za harakaharaka. Hilo hupunguza mno kaboni dioksidi katika damu, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinakufa ganzi, na mwili unasoma hali hiyo kuwa hatari mpya. Ukiona kizunguzungu, punguza kiasi cha hewa unachovuta, usiongeze. Maji baridi usoni, hasa kwenye mashavu na kuzunguka macho, huku pumzi imeshikwa kwa sekunde 15 hadi 30, huamsha mwitikio wa kuzamia ambao hushusha mapigo ya moyo. Mwenye maradhi ya moyo au anayezimia kirahisi asijaribu hili.

Kuipa hisia jina kunafaa kuliko watu wanavyodhani. Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba watu walipotaja hisia waliyoiona kwenye picha ya uso, shughuli ya amigdala ilipungua. Jina liwe fupi: nimekasirika kwa sababu nimekatizwa. Likirefuka likawa kesi yenye ushahidi, limeshageuka kuwa lile zoezi la kurudia matusi.

Na kile kinachosifiwa mitaani, cha kupiga mto au kuvunja vitu ili hasira itoke? Brad Bushman alikipima, akachapisha mwaka 2002. Waliopiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi, na wakawa wakali zaidi, kuliko waliokaa kimya tu. Hasira haikai mwilini ikisubiri mlango wa kutokea. Kuipiga ngumi ni kuifanyia mazoezi.

Kwa anayemkabili mtu aliyepandwa na hasira: usimwambie tulia, usimguse, usisimame mlangoni. Shusha sauti yako chini ya yake, tumia sentensi fupi, kaa pembeni yake, na mwachie njia ya kutoka. Hasira hasara ni neno la kweli, lakini si la kumwambia mtu wakati huo.

Tamaa na umbali

Kinda wa shakwe hudonoa doa jekundu lililo kwenye mdomo wa mzazi ili alishwe. Tinbergen aligundua kwamba ukimpa kijiti chembamba chekundu chenye pete tatu nyeupe, atakidonoa kuliko hata mfano wa kichwa halisi cha mzazi. Silika haina kipimo cha ukweli. Ina kipimo cha ishara, na ishara iliyokuzwa huizidi ile ya asili. Sisi tumejaza maisha yetu ishara zilizokuzwa: sukari nyingi pamoja na mafuta mengi katika tonge moja, mchanganyiko ambao katika asili ni adimu ukiacha maziwa, picha za ngono zisizo na mwisho, habari za kutisha zinazofuatana bila pumzi. Kumwita dhaifu mtu anayeshindwa mbele ya vitu hivyo naona ni dhuluma, kwa sababu vimepimwa na kurekebishwa makusudi mpaka vikapita uwezo wa silika kusema basi.

Majaribio ya Walter Mischel pale Stanford, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, hutajwa kila mara kwa sababu isiyo sahihi. Mtoto wa umri wa chekechea aliambiwa akisubiri atapata vitamu viwili badala ya kimoja. Watu waliyageuza kuwa utabiri wa nani atafanikiwa maishani, na utabiri huo ulipopimwa tena mwaka 2018 kwa watoto wengi zaidi ulinywea sana pale hali ya nyumbani ilipozingatiwa. Lenye manufaa ni lingine. Vitamu vilipofichwa watoto walisubiri muda mrefu zaidi kuliko vilipokuwa mbele ya macho yao. Walioweza kusubiri hawakukaa wakipambana. Walifunika macho, waliimba, walijitungia michezo. Waliiondoa ishara. Nayo ile nadharia kwamba nguvu ya kujizuia ni akiba inayokwisha kwa kutumiwa ilijaribiwa mwaka 2016 na maabara 23 zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, na athari iliyopatikana ilikuwa karibu na sifuri.

Kwa hiyo nguvu itumike wakati wa utulivu, katika kupanga vitu. Kinachovuta kiwekwe pasipoonekana, na kati yako na chenyewe kuwe na hatua: kuamka, kutembea, kufungua. Simu ilale chumba kingine. Usiamue utakula nini ukiwa na njaa kali, maana mwenye njaa hana miiko. Shibe huchukua kama dakika 20 kujulikana kichwani, kwa hiyo sahani ya pili inayoamuliwa katika dakika ya 8 inaamuliwa bila taarifa. Ghrelini, homoni ya njaa iliyotambuliwa mwaka 1999, hupanda kuelekea saa ambazo umezoea kula na huweza kushuka hata usipokula, na ndiyo sababu njaa ya saa saba mchana hupungua yenyewe ikifika saa tisa.

Peter Gollwitzer alifanyia kazi sana mipango ya aina ya ikiwa hivi, basi vile. Inafanya kazi kwa sababu inaikabidhi ishara kitendo, na hilo silika inalielewa. Lakini lazima kiwe kitendo. Nikikasirika sitapiga kelele ni mpango mbovu. Unaacha mahali patupu, na kukanya wazo hulirudisha, kama Daniel Wegner alivyoonyesha mwaka 1987 alipowaomba watu wasimfikirie dubu mweupe. Nikisikia sauti yangu imepanda, nitakaa chini na kunywa maji: hapo kuna ishara, kitendo, na hakuna cha kufikiri.

Woga haufutwi

Kuhusu woga niseme kwa ufupi, kwa sababu kanuni yake ni moja. Ivan Pavlov aliona kwamba mwitikio uliozimwa hurudi wenyewe baada ya mapumziko. Kuzimika ni funzo jipya linalokaa kando ya lile la zamani; la zamani halifutiki. Anayeogopa lifti huandika hali 8 hadi 10 kuanzia nyepesi hadi ngumu, huzipa alama 0 hadi 10, na huanza na ya 3 au 4, si ya 1 isiyomfundisha kitu wala ya 9 itakayomtimua. Kabla ya kuingia hutaja wazi anachotarajia kitatokea. Hukaa humo hadi tarajio hilo lishindwe. Akitoka woga ukiwa kileleni, mwili unajifunza kwamba kutoka ndiko kulikomwokoa. Akishika mkono wa mtu kila mara, unajifunza kwamba mkono ndio uliomwokoa. Akifanya kwenye lifti moja tu, funzo hubaki kwenye lifti ile. Woga uliotokana na ukatili au ajali kubwa ushughulikiwe na mtaalamu.

Ukatili usio na hasira

Yote yaliyotangulia yanahusu mwitikio wa moto, ule wa ghafla. Upo ukatili wa pili ambao haupandishi hata mapigo ya moyo, na huo ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu tunausingizia mnyama. Mtafiti wa sokwe Richard Wrangham ametenganisha ukali wa kujibu na ukali wa kupanga. Katika ule wa kujibu binadamu ni mpole kuliko sokwe kwa kiwango kikubwa. Ndani ya kundi lao sokwe hupigana mara nyingi mno kuliko watu wa kijiji chochote. Dmitry Belyaev alianza mwaka 1959 huko Siberia kuchagua, kizazi baada ya kizazi, mbweha wasiomkalia mtu kwa ukali. Walikuwa tayari ni mbweha wa kufugwa kwa ajili ya manyoya, lakini kabla ya vizazi kumi wengine walikuwa wakitikisa mkia na kulamba mikono. Wrangham anaamini jambo la namna hiyo liliwapata mababu zetu.

Katika ukali wa kupanga hatuna upole wa kujivunia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sokwe nao wana mwanzo wake: huko Gombe, kati ya mwaka 1974 na 1978, madume wa kundi moja waliwavizia kimyakimya madume wa kundi lililojitenga, mmoja mmoja, mpaka kundi likafutika. Binadamu ana lugha, daftari na ngazi za amri. Anaweza kuua kwa saini, kisha akala chakula cha mchana.

Kuvuta pumzi hakutibu hilo. Mtu huyo hana cha kutuliza. Kinachofanya kazi ni gharama na macho ya watu: sheria inayomfika mwenye cheo, mashahidi, amri inayoandikwa jina la aliyeitoa, mahabusu wasiokaa na mlinzi mmoja peke yake. Kinachotangulia ni kutazama jinsi kambi zinavyoundwa, maana ni rahisi ajabu. Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule mjini Bristol kwa kisingizio cha mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky, matokeo yakachapishwa mwaka 1970. Hawakujua wenzao ni akina nani na hawakujigawia chochote wenyewe. Bado wengi walipendelea upande wao, na mara nyingi walikubali upande wao upate kidogo mradi tu uwapite wengine.

Kuwakutanisha tu hakutoshi. Mwaka 1954, kwenye kambi ya Robbers Cave jimboni Oklahoma, Muzafer Sherif aliwagawa wavulana 22 makundi mawili, uhasama ukawaka kwa mashindano. Walipolishwa pamoja walirushiana chakula. Uhasama ulipungua pale maji ya kambi yalipokatika na lori la chakula lilipogoma kuwaka, kazi ambazo kundi moja lisingeziweza, tena ilibidi ziwe kadhaa mfululizo. Anayepatanisha watu kwa karamu na hotuba aanze kutafuta kazi hiyo kwanza.

Wanyama wenyewe hawajafungwa kama tunavyowafunga katika maneno yetu. Robert Sapolsky alifuatilia kundi la nyani huko Masai Mara ambalo madume wake wakali walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli. Katikati ya miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu iliwaua. Wakabaki majike na madume wapole. Dume wa nyani huhama kundi alilozaliwa akibalehe, kwa hiyo kufikia mwaka 1993 hakukuwa na dume hata mmoja wa enzi ile. Wote walikuwa wageni waliokulia kwenye makundi ya kawaida. Utaratibu wa upole ulikuwa bado upo, na Sapolsky na Lisa Share waliuchapisha mwaka 2004. Maelezo waliyoyapa uzito ni namna wageni walivyopokewa: majike hawakushambuliwa ovyo na madume wenyeji, wakawa watulivu, na dume mgeni alianza kukaribiwa na kuchambuliwa manyoya mapema kuliko katika makundi mengine.